Wasichana watano uwanjani: kisa cha klabu, kwaya, mpira wa wavu na mahafali katika shule ya wanafunzi 112

Kisa hiki kinahusu shule moja ya sekondari ya kutwa iliyoko kijijini. Jina, mahali na mwaka vimeondolewa, na maelezo ya watu yamechanganywa ili asitambulike mtu. Hesabu za rejista zimeachwa zilivyo, kwa sababu ndizo zinazokieleza kisa chenyewe.

## Shule yenyewe

Wanafunzi walikuwa 112: darasa la kwanza 33, la pili 30, la tatu 27 na la mwisho 22. Walimu walikuwa wanane pamoja na mkuu wa shule. Wanafunzi 46 walitegemea gari la shule, ambalo liliondoka saa 10:00 alasiri na halikuwa na safari ya pili. Waliobaki walitembea, wengine hatua chache tu kutoka uzio wa shule.

Kwenye karatasi kulikuwa na shughuli 13 za nje ya darasa. Klabu zilikuwa tisa: mazingira, sayansi, bustani, hisabati, midahalo, gazeti la ukutani, maigizo, huduma ya kwanza na sataranji. Juu ya hizo kulikuwa na kwaya, mpira wa miguu wa wavulana, mpira wa wavu wa wasichana na riadha. Klabu zilizokutana kweli zilikuwa tano. Nyingine nne ziliishi kwenye ubao wa matangazo, na mbili kati ya hizo mlezi wake alikuwa ameshahama shule.

Masomo yaliisha saa 8:30 mchana. Ukitoa dakika 15 za usafi na 10 za kubadili nguo na kufika uwanjani, zilibaki dakika 65 kabla gari halijaondoka. Shughuli karibu zote zilirundikwa katika dakika hizo, tena Jumatano na Ijumaa tu. Hakuna aliyekumbuka sababu ya kuchagua siku hizo mbili, zilikuwa mazoea.

Muhula unaozungumziwa ulikuwa wa mwisho wa mwaka. Mahafali yalipangwa Jumamosi ya wiki ya 12, na mitihani ya darasa la mwisho ianze wiki ya 14.

## Jumatano ya wiki ya 6

Timu ya wavu ilikuwa mwenyeji wa mechi ya saa 9:00 alasiri. Ilikuwa imesajili wachezaji wanane. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu Jumatatu, wakabaki saba, na saba wanatosha kucheza.

Asubuhi ya siku hiyo ugeni wa bodi ya shule uliokuwa uje Alhamisi ulihamishiwa siku hiyohiyo. Mkuu alimwambia mwalimu wa kwaya baada ya paredi kwamba waimbaji wawe tayari saa 9:00. Mwalimu wa michezo hakuambiwa. Wakati huo alikuwa uwanjani na ndoo ya chokaa akichora mistari. Wachezaji wawili wa wavu walikuwa pia waimbaji wa alto, yaani sauti ya pili, na alto nzima ilikuwa na watu wanne. Walikwenda kwenye kwaya, kwa sababu aliyewaita alikuwa mkuu wa shule.

Uwanjani wakasimama watano. Mpira wa miguu unaruhusu timu kuanza mechi hata ikiwa na wachezaji saba badala ya 11. Mpira wa wavu hauna huruma hiyo: lazima wawe sita uwanjani wakati wote, na timu isiyotimia hupoteza. Mwamuzi alingoja dakika 15 kisha akaandika 0–3, kila seti 0–25.

Habari zilipofika ukumbini, wale wasichana wawili waliondoka katikati ya wimbo wa pili wakakimbilia uwanjani, wakiwa bado na sare ya kwaya. Walikuta wageni wanafunga viatu kuondoka. Kwaya nayo ilimaliza na alto mbili, na mmoja wao, kwa kukosa wa kumsikiliza pembeni, akahamia sauti ya kwanza. Shule ikapoteza kotekote kwa dakika ishirini.

Kikao cha walimu cha kesho yake kilianza kwa kutafuta wa kuadhibu. Pendekezo la kwanza lilikuwa wasichana hao wavuliwe nafasi zao zote mbili. Mwalimu wa darasa la tatu ndiye aliyeomba rejista zote za shughuli ziletwe mezani kwanza.

## Jedwali la majina

Walimu wawili waligundisha karatasi nne za manila, wakaandika majina 112 kwenye safu za kushuka na shughuli 13 kwenye safu za kwenda, wakaweka alama. Kazi hiyo ilichukua saa mbili. Waliongeza safu tatu ambazo kwa kawaida husahaulika: mwanafunzi anaishi umbali gani, anatumia gari la shule au la, na je, anahitimu mwaka huu.

Jumla ya alama ilikuwa 203. Ukigawa kwa wanafunzi 112 unapata chini ya shughuli mbili kwa kila mmoja, hesabu inayoonekana ya afya kabisa. Lakini alama hazikugawanyika hivyo. Wanafunzi 41 hawakuwa na hata moja. Wanafunzi 19 walikuwa na tano au zaidi, na peke yao walibeba alama 106, yaani zaidi ya nusu ya maisha yote ya shule nje ya darasa.

Safu za nyongeza zilieleza kwa nini. Kati ya wale 19, 14 waliishi karibu kiasi cha kufika nyumbani kwa miguu hata jioni. Kati ya wale 41 wasio na kitu, 31 walitegemea gari la saa 10:00. Walimu walikuwa wakisema kwa miaka kwamba kuna wanafunzi “wenye moyo” na wengine “wavivu wa michezo”. Jedwali lilionyesha wanaokaa karibu na wanaokaa mbali.

Safu ya kuhitimu ilitisha zaidi. Wabebaji 11 kati ya 19 walikuwa darasa la mwisho, sita darasa la tatu, wawili la pili, na hakuna hata mmoja wa darasa la kwanza. Mahafali yangeondoa moja ya tano ya wanafunzi, lakini zaidi ya nusu ya watu walioshikilia kila kitu. Viongozi wa klabu zote tano zilizokuwa hai walikuwa miongoni mwa hao 11.

Suala la adhabu halikurudi mezani.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kikomo: mwanafunzi mmoja, shughuli mbili. Wanne waliruhusiwa tatu hadi mahafali, kwa hoja kwamba kuwaondoa ghafla kungevunja kwaya. Ruhusa hiyo itarudi kwenye uchambuzi.

Kikomo peke yake kingewapunguzia kazi wale 19 bila kuwapa nafasi wale 41, kwa hiyo muda ulibidi uingizwe ndani ya siku ya masomo. Siku ilikuwa na vipindi saba vya dakika 40. Jumanne na Alhamisi kila kipindi kilipunguzwa dakika tano. Saba mara tano ni 35, na hizo zikawa kipindi cha nane, kabla ya gari na kabla ya usafi. Walimu wa sayansi walipinga, na walikuwa na haki: kipindi pacha cha maabara kilipoteza dakika 10, na jaribio la kupasha joto au kuchuja haliwezi kuharakishwa. Mazoezi ya maabara yakahamishiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ratiba iliandikwa upya mara tatu kabla haijakaa sawa.

Mgawanyo ukawa huu. Jumanne kipindi cha nane ni kwaya na huduma ya kwanza, na wengine hujisomea. Alhamisi kipindi cha nane ni klabu. Jumatatu na Jumatano baada ya masomo ni michezo. Ijumaa ni mechi, au hakuna kitu. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na kwaya, wavu na klabu bila saa zake kugongana, hata kabla kikomo hakijamgusa. Ugeni wowote unaohitaji wanafunzi ulitakiwa uandikwe kwenye karatasi moja iliyobandikwa ofisini, na mkuu mwenyewe alikubali kuandika kama wengine.

### Klabu

Walimu wanane hawawezi kulea klabu tisa, kwaya na timu tatu. Sayansi, mazingira, bustani na hisabati ziliunganishwa. Hisabati haikuonewa: ilipewa kazi ya kupima vitalu, kukadiria mbegu na kuchora grafu za mvua, na wanachama wake wanane hawakulalamika. Midahalo, gazeti la ukutani na maigizo yakawa klabu ya lugha na jukwaa. Huduma ya kwanza ilibaki peke yake ila ikapewa kazi halisi: wanachama wawili kila mechi, wakiwa na sanduku lenye bandeji za kuzungusha, shashi, plasta, glavu, mkasi na maji safi. Awali klabu hii ilikuwa ikinakili michoro ya mifupa kwenye daftari.

Sataranji ilisimamishwa kwa kukosa mlezi.

### Uwanja na timu

Kabla ya lingine lolote, uwanja wa wavu ulipimwa. Kipimo sahihi ni mita 18 kwa 9. Mistari ya pembeni ilikuwa na urefu huo, lakini ulalo mmoja, yaani umbali wa kona hadi kona ya mkabala, ulizidi mwingine kwa sentimita 34, maana yake umbo lilikuwa limelala upande na si mstatili. Hili ni kosa la kawaida la kuchora kwa macho. Dawa yake ni kamba mbili zisizovutika: ulalo wa uwanja mzima ni mita 20.12, na wa nusu uwanja, mita 9 kwa 9, ni mita 12.73. Ukifunga kona mbili za mstari wa pembeni kwanza, kona nyingine hupatikana pale kamba ya ulalo inapokutana na kamba ya upana. Mstari wa sentimita 5 huhesabiwa ndani ya uwanja, si nje yake. Wavu wa wasichana ulipandishwa hadi mita 2.24 ukipimwa katikati. Ulikuwa umelegea kiasi cha kuwafundisha wasichana kupiga mipira ambayo ugenini ingegonga wavu.

Orodha ya timu iliongezwa kutoka wanane hadi 12. Wanne wapya walitoka madarasa ya chini, na mmoja wao alianza kufundishwa kuwa seta, yaani anayewainulia wenzake mipira. Timu yenye seta mmoja ni timu ya mtu mmoja, hata iwe na wachezaji kumi na wawili.

Kwa wavulana uamuzi ulikuwa mgumu. Timu ya watu 11 na wa akiba watano ni watu 16, na wavulana wa umri na nguvu zinazolingana walikuwa 20 hivi, wengi wao wakitegemea gari. Shule ilijiondoa kwenye ligi ya watu 11 na kuomba shule mbili jirani mechi za watu saba kila upande, uwanja nusu. Mkuu alitangaza hili kwenye paredi, kwa sentensi mbili. Riadha ilibaki kwa wiki tatu za mwanzo wa mwaka tu.

### Kwaya

Waimbaji walikuwa 24: soprano 13, alto 4, teno 3, besi 4. Orodha ya nyimbo za mahafali ilikuwa na saba. Kuanzia wiki ya 8 hadi ya 12 kulikuwa na vipindi vitano vya pamoja vya dakika 35, jumla dakika 175. Nyimbo saba zingepata dakika 25 kila mmoja, na hapo hujatoa muda wa kuamsha sauti. Zikachaguliwa tatu, dakika 58 kila mmoja. Sauti moja moja zilifanya mazoezi ya dakika 20 mapumziko ya mchana, Jumatano na Ijumaa.

Soprano wanne walihamishiwa alto, zikawa tisa kwa nane. Hawakuchaguliwa wale wasioweza noti za juu, kosa ambalo kwaya nyingi hufanya. Walichaguliwa wanaoweza kushika sauti yao huku jirani akiimba nyingine. Walipimwa kwa jaribio la dakika moja: wawili wanaimba wimbo wanaoufahamu, mmoja akianza mstari mmoja nyuma, anayevutwa na mwenzake haendi alto.

Wavulana saba hawakuweza kujaza sauti mbili, na wawili kati yao sauti zilikuwa bado zinavunjika. Teno na besi ziliunganishwa kuwa sauti moja isiyozidi oktava, na wimbo wa kwanza ukashushwa kutoka doh ya G hadi F. Kwaya ya sauti tatu zilizojaa husikika vizuri kuliko ya sauti nne yenye mashimo, ingawa walimu wa muziki huona haya kulikubali.

Wiki mbili za mwisho kinanda kiliwekwa pembeni. Kiongozi alichukua noti kutoka uma wa sauti, kile chuma cha pembe mbili kinachotoa noti moja kikigongwa, wa A, hezi 440. Katika ufunguo wa F noti hiyo ni mi, kwa hiyo alivuma mi–re–doh akishuka, na kila sauti ikapata noti yake kutoka hapo.

## Mahafali

Rasimu ya kwanza ilikuwa na vipengele 23. Mwalimu wa hisabati alijumlisha dakika zilizoandikwa pembeni: saa 4 na dakika 10. Rasimu ilikuwa imezunguka wiki mbili bila mtu kujumlisha.

Vilibaki vipengele 12, saa 2 na dakika 5. Kilichookoa muda mwingi ni utoaji wa vyeti. Mhitimu anayepanda, kupokea na kushuka hutumia sekunde 40 hivi. Wahitimu 22 ni karibu dakika 15. Akisimama kupigwa picha huwa dakika moja na nusu, na jumla inapanda hadi dakika 33. Mahali pa picha pakawekwa chini ya jukwaa, baada ya ngazi za kushukia, ili mpiga picha asisimamishe foleni. Risala ya wahitimu iliwekewa kikomo cha maneno 600, ambayo kwenye majaribio yalisomwa kwa dakika saba.

Jukwaani wahitimu walikabidhiwa majalada matupu, na vyeti vyenyewe wakavichukua ofisini baadaye kwa kusaini. Wazazi wawili waliona hilo ni mzaha. Sababu yake ni ya kawaida: mhitimu mmoja akichelewa au akibadilishana nafasi kwenye mstari, kila aliye nyuma yake anapokea cheti cha mwenziwe. Majina nayo yalihakikiwa wiki ya 9. Kila mhitimu alisaini mbele ya jina lake kama lilivyoandikwa kwenye usajili wa mtihani, na makosa matano yalipatikana katika majina 22. Msomaji wa majina alifanya mazoezi na kila mwenye jina, maana kuna majina yanayoandikwa sawa na kutamkwa tofauti.

Bodi ilitaka turubai lisimikwe kwenye uwanja wa wavu, sehemu pekee tambarare. Mwalimu wa michezo alikataa, kwa kuwa mechi ya mwisho ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla, na mashimo ya nguzo za turubai huacha ardhi ya kuteguka vifundo. Veranda ya madarasa, iliyoinuka sentimita 60, ikafanywa jukwaa, na watu wakakaa upande wenye kivuli. Viti vya madarasani viliandikwa namba ya darasa kwa chaki chini ya kikalio kabla ya kutolewa. Jambo dogo, ila shule iliyowahi kurudisha viti 112 bila alama inajua asubuhi ya Jumatatu inavyokuwa.

Spika ziliwekwa mbele ya maiki, zikielekea wageni. Zikiwa nyuma ya mzungumzaji, maiki husikia spika na kuanza kupiga yowe. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti. Kila umbali unapoongezeka mara mbili hupungua desibeli 6 hivi. Kwa hiyo viti viliongezwa kwa upana badala ya kurefushwa nyuma. Kwenye nakala ya mshereheshaji, vipengele visivyohitaji maiki viliwekewa nyota.

Waimbaji tisa kati ya 24 walikuwa wahitimu. Wimbo wa maandamano uliimbwa na wale 15 wanaobaki, wa pili na kwaya nzima, wa tatu tena na 15. Watu wachache waliona hii ni zaidi ya urahisi wa kupanga: ilikuwa mara ya kwanza kwaya ya mwaka ujao kusimama mbele ya watu.

Makabidhiano ya klabu yalifanyika wiki ya 10, sio siku ya mahafali. Kila kiongozi anayeondoka alikaa vikao viwili kama msaidizi wa aliyechukua nafasi yake. Kilichokabidhiwa kiliandikwa kwenye ukurasa mmoja: orodha ya wanachama, vifaa na mahali vilipo, kazi isiyoisha, na mtu wa kuulizwa.

## Matokeo

Timu ya wavu ilicheza mechi mbili zilizobaki ikiwa na wachezaji tisa na kumi waliofika. Ilishinda moja, ikapoteza moja.

Jedwali lilipohesabiwa upya wiki ya 11, wasio na shughuli walikuwa 17 badala ya 41. Waliokuwa na moja ni 37, mbili 54, na wale wanne wa ruhusa walikuwa na tatu. Alama zilishuka kutoka 203 hadi 157, na bado waliohusika walipanda kutoka 71 hadi 95.

Siku ya mahafali umeme ulikatika katikati ya vyeti. Mshereheshaji alisimamisha majina, akaruka hadi kipengele chenye nyota, na kwaya ikaimba wimbo wa pili. Kinanda kilikuwa na sehemu ya betri, ikiwa tupu. Uma wa sauti ulifanya kazi yake, ila kufikia beti ya tatu kwaya nzima ilikuwa imeshuka nusu toni. Wageni wengi hawakugundua, waimbaji waligundua. Umeme ulirudi baada ya dakika kumi na majina yakaendelea.

Sherehe ilichukua saa 2 na dakika 25. Dakika 20 za ziada zilitokana na mzazi aliyeomba “neno moja tu” na ndugu waliovuka kamba kwenda kupiga picha. Mvua haikunyesha. Hakukuwa na mpango wowote wa mvua, kwa hiyo hilo lisihesabiwe kwenye mafanikio.

## Uchambuzi

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kipindi cha nane. Kikomo cha shughuli mbili kilisifiwa kwenye vikao, kwa kuwa kinaeleweka upesi, lakini kingetumika peke yake kingezalisha klabu tupu. Wengi wa wanafunzi walioingia walikuwa wa gari la saa 10:00, na waliingia wiki ileile muda ulipohamia ndani ya siku. Hakuna aliyewahamasisha. Gharama ililipwa na masomo: dakika 70 kwa wiki, na walimu wa lugha, ambao vipindi vyao vingi viliangukia Jumanne, walilipa zaidi ya wengine. Hilo halikusawazishwa.

Jedwali lilifanya kazi kwa sababu lilihesabu watoto. Rejista ya kila klabu peke yake ilikuwa sahihi, na mlezi aliyeangalia yake hakuona tatizo. Katika shule ya wanafunzi 800, kwaya na timu ya wavu zinaweza kupangwa saa moja na zisigusane. Katika shule ya 112, ratiba mbili zinazoonekana huru karibu kila mara zinagombania watu walewale, na hasa wale wawili watatu ambao hawajui kukataa.

Ruhusa ya wale wanne lilikuwa kosa. Wote walikuwa wahitimu, na ruhusa ilitolewa kwa kuwaonea huruma walimu, si wao. Wiki ya 12 mmoja aliugua na mwingine akaacha kipindi cha marudio ya hisabati mara tatu, wiki mbili kabla ya mtihani. Kwaya ilikuwa na alto nane wakati huo, isingevunjika.

Mpira wa miguu ulishughulikiwa vibaya. Hoja ya hesabu ilikuwa sahihi, lakini ilitangazwa kwenye paredi bila kuzungumza na nahodha. Wavulana sita waliacha shughuli zote kwa wiki tatu, na wanne hawakurudi muhula ule. Ni miongoni mwa wale 17. Mechi za watu saba zilipendwa na wadogo, ambao waligusa mpira mara nyingi zaidi, na kuchukiwa na wakubwa, ambao kwao ligi ya watu 11 ilikuwa heshima na si idadi. Jedwali lile lile lingewekwa mbele ya nahodha na kuulizwa “wewe ungefanyaje?”, inawezekana jibu lingekuwa lile lile likiwa na mwenyewe.

Betri za kinanda ni aina ya kosa lisiloisha: jukumu lilikuwa la “ofisi”. Kwenye orodha ya maandalizi kila mstari ulikuwa na jina la mtu isipokuwa mistari mitatu, na yote mitatu haikufanyika. Mwingine ulikuwa maji ya kunywa ya waimbaji, mwingine kamba ya pili ya kuzuia ndugu.

Kushuka kwa sauti kulitarajiwa. Kwaya iliacha kinanda wiki mbili tu kabla, na mazoezi yote yalifanyika ukumbini, ambako kuta huwarudishia waimbaji sauti zao. Nje hawakusikiana. Zoezi moja tu kwenye veranda, saa ileile ya sherehe, lingeonyesha hilo na pengine kuwasogeza karibu zaidi, wavulana katikati badala ya nyuma.

Wachezaji wawili wa Jumatano ile hawakuadhibiwa, lakini pia hakuna aliyewaambia hadharani kwamba kosa halikuwa lao. Mmoja alibaki kwenye wavu na kuacha kwaya. Alipojaza fomu ya kuchagua shughuli mbili, nafasi ya pili aliiacha wazi.

Sataranji, iliyosimamishwa kwa kukosa mlezi, iliendelea kukutana chini ya mti nyuma ya jiko kila mapumziko, ikiwa na bao moja na vifuniko vya chupa badala ya vipande viwili vilivyopotea. Kufikia wiki ya 11 ilikuwa na watu tisa, sita wakiwa wa gari la shule. Mwalimu aliyekuwa akijaza jedwali aliwaona, akafikiri kidogo, na hakuwaandika.